Mawe Kwenye Nyumba za Wauguzi

Mama yangu ni muuguzi, na ndiye mwenye zile nyumba nane za matofali nyuma ya hospitali. Alizijenga kidogo kidogo kwa faida ya duka lake la sare, baada ya kuchoka kuwakuta wenzake wamelala kwenye mabenchi ya chumba cha kubadilishia nguo. Vyumba vya mjini vilikuwa ghali, na wengi walipanga mbali mno. Kwa mama walilipa kodi nafuu, na kazini walifika kwa dakika tano.

Alikuwa na sharti moja tu: sare ya wodini haivuki lango kabla ya kulowekwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilijaza ndoo tatu langoni na kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo alichonifundisha. Ndoo mbili zilikuwa za sare na moja ya kunawia mikono. Wauguzi waliotoka zamu walibadili nguo kwenye kibanda cha mabati hapo hapo, wakaloweka, wakanawa, ndipo wakaingia. Dada Sindano, mdogo kuliko wauguzi wote, mwembamba na mwenye ulimi mkali, alipenda kuninusa kichwani. "Wewe mtoto," alizoea kusema, "kwa manukato haya utakosa mchumba."

Kipindupindu kilipoingia mtaani, shuleni hakukuwa na habari nyingine. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa kimya, na hata nikifungua mdomo wenzangu waliendelea na yao. Siku moja msichana tuliyemwita Redio, kwa kuwa habari haikulala kwake, aliniuliza zile ndoo za kwetu ni za nini. Ukweli niliuona mfupi, hauna ladha. Nikautia chumvi.

"Ni maji waliyowaogeshea wagonjwa wa kipindupindu," nikasema. "Wanayabeba kutoka wodini."

"Halafu wanayamwaga wapi?"

Wote walikuwa wamenigeukia, na kichwa kikanivimba. "Mtaroni. Ule unaopita karibu na bomba la maji."

Uongo ule ulinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nafagia uani nikasikia jiwe limetua juu ya bati, kisha la pili, kisha mengi kwa pamoja. Nilichungulia langoni nikaona watu ninaowajua: fundi viatu, muuza mkaa, wazazi wa wanafunzi wenzangu. Mbele yao alikuwa muuza nyama, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa kwa kipindupindu tangu juzi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mnatumwagia sumu kwenye maji, halafu mnajidai kututibu," alinguruma.

Lango lilivunjwa kwa mateke. Vioo vya madirisha vikapasuliwa kimoja baada ya kingine. Muuguzi mmoja aliyekuwa amelala baada ya zamu aliburutwa nje kwa nywele, wakampiga mateke tumboni hadi akatapika. Dada Sindano, aliyekwisha kuvaa kwenda kazini, alisimama mlangoni na kunyoosha mikono.

"Jamani, tusikilizane kwanza," alisema. Jiwe la muuza nyama likampata mdomoni. Alianguka kwa magoti, damu na meno mawili yakiwa kiganjani mwake. Mama alikimbia kumkinga, na mtu mmoja akamshushia ubao mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Nilijua walichofuata, na pale uani ni mimi peke yangu niliyejua. Nakiri kwamba nilitaka kukimbia. Lakini kijana mmoja alikuwa ameshika dumu la mafuta ya taa akielekea nyumba ya kwanza, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu. Nikapiga kelele kwamba ni uongo, wala hakuna aliyenisikia. Basi nikaikimbilia ile ndoo ya kunawia, nikaiinua na kujimwagia yote kuanzia utosini.

Waliokuwa karibu waliruka nyuma. Kelele zikakatika. Macho yaliniwasha na kikohozi kikanibana.

"Ni maji ya dawa," nikasema. "Nimeyachanganya mwenyewe leo asubuhi. Ninuseni. Niliwadanganya wenzangu shuleni. Hapa hayajawahi kuletwa maji ya wagonjwa."

Muuza nyama alinisogelea, akanishika kichwa kwa nguvu, akanusa nywele zangu. Harufu ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa sakafuni, chini ya kitanda cha mwanawe.

"Mwanao yuko kitanda cha tatu," mama alimwambia akiwa chini, ameushika mkono uliovunjika. "Huyu uliyempasua mdomo ndiye aliyekesha naye juzi. Zamu yake ni saa nane. Leo nani atambadilishia dripu?"

Muuza nyama aliketi chini juu ya vioo, akalia mbele ya watu. Yule kijana aliliweka dumu chini na kuondoka bila kuaga.

Mama alifungwa mkono, akaenda kushika zamu ya dada Sindano kwa mkono mmoja. Mtoto wa muuza nyama alipona. Bwana afya alikuja akagundua kwamba bomba la mtaa lilikuwa limepasuka karibu na vyoo vya soko, likatengenezwa, na wagonjwa wakapungua. Waliovunja walirudisha lango na vioo. Muuza nyama alijipeleka mwenyewe kituo cha polisi. Hata hivyo wauguzi wawili walihama siku ile ile, na sikuwalaumu.

Jumapili jioni, siku moja tu baada ya mawe yale, mama alinipeleka kwa dada Sindano hospitalini. Midomo yake ilikuwa imeshonwa. Aliandika kwenye karatasi: Kwa nini?

"Nilitaka wanisikilize," nikajibu, na aibu ikanishika hata nikashindwa kumtazama.

Mama alinivuta karibu. "Jiwe alilirusha muuza nyama, na atalijibia yeye. Lakini njia ya kuja kwetu uliwaonyesha wewe. Ugonjwa ukiwa mtaani watu wana hofu, na mwenye hofu huamini chochote anachoambiwa. Ukilijua jambo, liseme lilivyo. Usipolijua, uliza. Kesho asubuhi utakwenda bombani, useme mbele ya watu wote."

Nilikwenda. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama mbele yao nikasema nilichofanya, nikitazama vidole vya miguu. Kati ya walionisikiliza alikuwemo mke wa muuza nyama. Alitua dumu lake chini.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikainua uso, nikaanza upya.