Kiraka cha Njano

Tak.

Sauti moja tu, kavu, ndogo, ya sindano kugonga kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni wasijichome. Mshonaji alifumbua macho gizani akasubiri sauti ya pili. Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba baada ya tak huja mvumo wa uzi ukipita kwenye kitambaa, kisha tak nyingine, kisha nyingine. Haikuja.

"Panya," alijiambia, akajifunika shuka hadi kichwani.

Asubuhi aliikuta kastabini palepale alipoiacha, juu ya kikebe cha vifungo. Ila ilikuwa imejaa maji. Maji ya kijivu, yenye harufu ya majani yaliyooza. Aliyamwaga kwenye chungu cha maua, akajifuta mikono kwenye kanga, asimwambie mtu.

Yalikuwa majira ya machipuo. Bustani nyuma ya nyumba ilikuwa imefurika maua, nyuki wakigombania mlimau, mnanaa ukinukia kila ulipokanyagwa. Siku kama hizo fremu ya kushonea haikukaa ndani. Yeye na mama mkwe wake waliibeba hadi kwenye majani, wakaisimamisha kwa miguu yake minne, na mfarishi ukatandazika juu yake kama kitanda: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Mmoja alikaa upande huu, mwingine upande ule, wakashona tabaka zote tatu kwa mkono. Na chini ya mfarishi, kwenye kivuli chenye rangirangi, alikaa binti yake mdogo wa miaka sita ambaye kila mtu alimwita Kifungo, kwa kuwa alipokuwa mchanga aliwahi kumeza kimoja.

Mfarishi ulikuwa wake. Katika nyumba ile kila mtoto alishonewa mmoja, kwa nguo za watu wa nyumba, waliopo na waliotangulia. Na kila kiraka kilipofungwa fundo la mwisho, mshonaji alimtaja mwenye nguo kwa sauti. Usipomtaja, mama mkwe alikuwa akisema, umeacha mlango wazi.

"Mishono yako leo imelewa," mama mkwe alisema, akichungulia juu ya miwani. "Tazama inavyoyumba. Utadhani marehemu baba mkwe wako anarudi nyumbani siku ya mshahara."

Mshonaji alicheka kidogo. Macho yake hayakucheka. Yalikuwa kwenye kiraka cha njano, katikati kabisa, kilichokatwa kwenye kigauni cha binti yake wa kwanza. Wiki iliyopita alikuwa amekifunga fundo, na jina likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mama mkwe alimwona. Akajifanya anatafuta mkasi.

Ilikuwa miaka minne tangu jina lile litamkwe mle ndani kwa mara ya mwisho. Siku ile pia fremu ilikuwa bustanini, jua lilikuwa zuri, na mtoto wa miaka mitano mwenye kigauni cha njano alikuwa amemvuta nguo akisema mama, njoo uone kitu. "Ngoja, mwanangu," alimjibu bila kuinua kichwa, "nimalize mstari huu." Mstari ulikuwa na mishono arobaini. Alipoinua kichwa bustani ilikuwa kimya, na mfuniko wa tangi la kumwagilia ulikuwa umesogea. Mumewe, dereva wa malori, alilijaza tangi lile udongo kwa koleo, usiku kucha, peke yake. Juu yake wakapanda mawaridi. Hakuna mawaridi yaliyostawi kama yale.

"Basi shika zamu yako," Kifungo alisema huko chini. "Mimi nimeshahesabu."

"Unaongea na nani, we mtoto?" bibi yake aliuliza.

"Na huyu."

"Huyu nani?"

"Hana jina. Nimempa langu la shule. Mimi ninalo lingine."

Bibi alicheka. "Mkarimu kama babu yake."

Lakini jioni, mama alipomwita kwa jina lake la shule aje aoge, mtoto hakugeuka. Aliita mara tatu. Mara ya tatu, kutoka bustanini ambako hapakuwa na mtu, kitu kiliitika: "Abee."

Usiku mshonaji hakulala, na kesho yake mchana, jua likiwa utosini, alivaa miwani akakagua mfarishi. Kiraka cha njano kilikuwa kimekua. Mwanzo kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Sasa kilikuwa kimeingia nusu ya kiraka chekundu cha jirani, kilichokatwa kwenye sweta ya Kifungo, na mpaka kati yao ulikuwa umeshonwa kwa mishono midogo mno, ya kitoto, na uzi wake ulikuwa umelowa.

"Mama," alinong'ona, "wewe ndiye uliyeshona hapa?"

Mama mkwe alipapasa, akarudisha mkono haraka. "Mimi? Kwa macho gani haya?" Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Fumua. Kifumue kiraka hicho sasa hivi."

Mshonaji alichukua mkasi mdogo, akakata mshono wa kwanza. Kwenye mawaridi, Kifungo alipiga yowe. Akakata wa pili. Mtoto akaanguka chini ameshika mkono, na walipomfikia waliona kwenye ngozi yake, kuanzia bega kwenda kwenye kiwiko, mstari mwembamba mwekundu wa vitundu, viwili vikiwa vimeachama na vikitoa si damu bali maji.

"Kifungo! Kifungo, mwanangu!"

Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mpita njia. Na nyuma yao, chini ya fremu, kwa sauti ambayo mshonaji angeitambua hata kaburini, kitu kiliuliza kwa upole:

"Mama, umemaliza mstari?"

Mama mkwe akatuma aitwe tabibu wa mapepo.

Tabibu aliyeitwa alikuja na pikipiki, kijana mwenye kofia ngumu ambayo hakuivua hadi alipopiga chafya ndani yake. "Samahani, mama zangu. Maua haya yananiua." Alimtazama Kifungo aliyekaa kwenye majani, macho yamezimika, upindo wa gauni lake ukidondosha maji bila kukauka. Alitazama mfarishi. Hakuugusa. Kiraka chekundu kilikuwa kimebaki upana wa kidole.

"Hiki cha njano ni cha nani?"

Mama mkwe alimtazama mshonaji; mshonaji akatazama mawaridi.

"Nimewaelewa," alisema, na sasa alivua kofia. "Dada, nisikilize. Kilichomo humo si mwanao. Nakuambia mapema, kwa sababu chenyewe kitakuambia ndicho. Ni jini asiye na makazi. Amekuta nafasi ya mtu, imetayarishwa vizuri, haina mtu. Ameingia. Sauti ameiokota hapahapa bustanini. Kilichompungukia ni jina, kwa hiyo anakula la huyu mdogo. La shule limekwisha. La utani limekwisha leo. Kiraka kile chekundu kikifunikwa chote..." Akapiga chafya, asimalizie.

"Utamtoa?" mama mkwe aliuliza. "Tutakulipa chochote."

"Si mimi, mama. Fundo ni la huyu. Amtaje mwenye kiraka. Mwenyewe akiingia kwake, mgeni atatoka."

Mshonaji alikaa kwenye kiti chake upande wa fremu, kastabini kidoleni, sindano ikiwa katikati ya mstari pale alipoiacha, akafumbua kinywa. Harufu ya maji yaliyolala ilipanda kutoka chini ya mfarishi, ikafunika mnanaa, ikafunika mlimau, na nyuki wote wakanyamaza kwa pamoja.

"Mama, usiniite," sauti ilisema kutoka kwenye kivuli. "Ukiniita nitaondoka."

Akafumba kinywa.

"Usiponiita nitakaa. Nitakuwa hapa chini kila siku, wewe ukishona, na utanisikia nikicheka, na sitakuvuta nguo tena, mama, sitakusumbua, nitangoja. Mimi najua kungoja."

Kiganja kidogo cha baridi kilimshika kifundo cha mguu, na miaka minne yote ikamshukia kwa mpigo mmoja, kila usiku aliolala na kigauni kile puani hadi harufu ikaisha, asubuhi zote alizoamka akiwa amesikia abee ndotoni, na akajua, na kujua kwenyewe kulimtisha kuliko kile kiganja, kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa imesikia sauti ile tangu usiku wa kwanza, ikaitambua, ikaificha, ikafurahi. Kwamba alipomwaga yale maji na kunyamaza hakuwa akinyamaza kwa woga. Na kwamba hata sasa, mtoto wake aliye hai akimtazama kwa macho ya mgeni, alitamani sauti ile iite tena, mara moja tu, mara moja ya mwisho.

"Mwanangu," mama mkwe alilia. "Huyu yupo. Huyu anapumua. Mtazame!"

Juu ya fremu, mbele ya macho yao, jua likiwaka, mshono ulijishona. Tak. Chekundu kikabaki unene wa uzi.

"Maliza mstari, mama," sauti ilisema, na safari hii haikuwa ya mtoto. "Ngoja. Maliza mstari kwanza."

Mshonaji aliitazama sindano. Ilikuwa imebaki mishono kumi na miwili. Mkono wake ulijua kazi hiyo hata bila yeye, na ulikuwa umeshaanza kusogea.

Akaukata uzi. Akavua kastabini akaiweka kwenye majani, mstari ukiwa haujaisha, akasimama. Kiganja kilimng'ang'ania mguu; akaenda nacho. Hakuinama kutazama chini ya mfarishi. Aligeukia kitalu cha mawaridi, pale penye udongo uliojazwa kwa koleo, akaweka mikono pembeni mwa mdomo, na kama mama yeyote anayemwita mtoto wake aje ndani, chakula kiko tayari na jua linakaribia kuzama, akaita kwa jina ambalo halikutamkwa miaka minne:

"Tunu!"