Shali Iliyofumuliwa

"Umekosea tena!"

"Wapi, mwalimu?"

"Palepale! Ukizungusha uzi upate tundu, mbele yake unafuma mishono miwili kwa pamoja. Usipofanya hivyo mishono inaongezeka, kitu kinapanuka. Hii si shali tena, ni pazia!"

Fundi umeme akainamisha kichwa. Wenzake aliojiunga nao walishahamia lesi ngumu, yeye bado yuko kwenye vitundu vya wanaoanza. Leo wote walishaondoka, kabaki yeye na mwalimu wake wa kufuma, na mwalimu hakuwa na subira hata chembe. Tangu asubuhi roho ilikuwa juu juu. Anakaa, anasimama, anapanga mabonge ya uzi yaliyokwisha kupangwa.

Simu ya mwalimu ikalia. Ujumbe wa shangazi: "Wale wageni wa posa wanakuja kesho. Nataka jibu leo. Usinitie aibu."

Akaifunika mezani. Huyo mposaji hakuwa na ubaya wowote. Tatizo ni kwamba moyo ulishang'ang'ania huyu bwana wa nyaya, ambaye miezi yote hii hajatamka la maana zaidi ya "sijaelewa".

"Lete nikufumulie!"

Akafumua, kisha akavuta uzi kwenye bonge ili amwanzishie upya. Akaganda. Uzi ambao haujafumwa hutoka umenyooka. Huu ulikuwa umejikunjakunja. Akavuta zaidi, mpaka ndani kabisa ya bonge, hali ni ileile.

"Uzi huu ulishafumwa wote."

Fundi akainama kuokota sindano ambayo haikuanguka.

"Nakuuliza! Nani alifuma shali nzima kwa uzi huu?"

"Mimi. Nyumbani."

"Iko wapi?"

"Nimeifumua."

"Ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri, mwalimu. Hapo ndipo nilipoogopa. Ningeileta, ungesema nimehitimu. Ningerudi hapa kwa kisingizio gani? Taa zako zenyewe haziharibiki!"

Machozi yalimlenga mwalimu, na alitamani kumpiga kwa lile bonge.

"Kumbe! Wenzako wanaleta posa kesho, wewe unafumua mashali!"

"Posa?" Fundi alisimama, kiti kikaanguka. "Umekubali?"

"Sijajibu."

"Usikubali. Nakupenda. Kila nikitaka kusema, ulimi unakuwa mzito."

Simu ikaita. Safari hii shangazi mwenyewe.

"Haya mwanangu, niwaambie nini?"

"Waambie wasije, shangazi."

"Makubwa! Kuna mtu?"

"Yupo hapa."

"Mpe simu."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Mtu anayeshika nyaya za umeme kila siku, leo kaogopa simu.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi akashusha pumzi.

"Marahaba. Sasa sikiliza. Vikombe vya wageni nimeshavitoa kabatini, na sivirudishi. Kesho uje na wazee wako."