Nilimzika Mume Aliye Hai, Wanangu Wakamwona Sinema

Nina umri wa miaka thelathini na tatu, ni mama wa watoto wawili wa kike, na ninakaa Nsemulwa hapa Mpanda. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ningemwomba nani aniandikie jambo kama hili? Majina nimeyabadili, lakini aibu ni yangu na sikuibadili hata kidogo.

Mume wangu nitamwita Silvesta. Tulifunga ndoa kanisani, tukakaa kwao Litapunga, tukilima mahindi na karanga. Alikuwa mcheshi. Aliwahi kuvunjika mguu akiwa mtoto, ukaunga vibaya, basi alipotembea aliurusha pembeni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuucheka mwendo wake.

Reli ilipofika Mpanda, wanaume wakaanza kupanda treni kwenda kukata mkonge Tanga. Silvesta naye akaondoka. Wakati huo Agata, binti yetu wa kwanza, alikuwa mkubwa wa kumfuata baba yake shambani, na Susana alikuwa bado tumboni.

Mwanzoni zilikuja salamu, na kanga moja. Halafu kimya...

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, nasi tulipendana kama mtu na mamaye mzazi. Tukahama naye kutoka Litapunga tukaja Nsemulwa, mimi nikawa nachoma vitumbua na kuwauzia wafanyakazi wa mgodi wa madini ya risasi. Maisha yalikwenda. Watu wakiniuliza habari za mume wangu niliwajibu kuwa yuko njiani.

Siku moja treni ilimshusha mwanamume mgeni aliyekuwa akipita kwenda Karema, kule ziwani. Akaniulizia mpaka akanipata kwenye vitumbua vyangu. Alisema amefanya kazi na Silvesta shamba moja. Silvesta ni mzima, ana mwanamke huko, na amemtuma aniambie nisimsubiri. Akala vitumbua vyangu, akapanda lori la Karema, na mpaka leo sijamwona tena.

Ndugu wasomaji, mnanijua nilivyokuwa? Hamnijui. Mimi nilikuwa mtu wa maneno. Palikuwa na jirani yetu aliyeachwa na mumewe, nami nilikuwa nikiwachekesha wanawake kisimani kwa kuigiza anavyochungulia barabarani. Sasa nimeachwa mimi! Nilihisi kwamba wanawake wote wa Nsemulwa wamekwisha jua, na wanangoja tu nichukue ndoo niende kisimani.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mama mkwe akaniuliza yule mgeni kasema nini. Nami nikafungua mdomo, nikasema Silvesta amekufa kwa homa, na wamemzika huko huko.

Sikuwa nimepanga. Naapa sikuwa nimepanga. Lakini mama alipiga ukelele, majirani wakajaa uani, na tangu hapo nilikosa mahali pa kuanzia kusema kwamba si kweli. Ningesema nini? Kwamba nimemwua mtoto wa mtu kwa sababu naogopa kuchekwa?

Tukaenda Litapunga kwa matanga. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na maiti yake isiletwe, huzikwa nguo yake, ili asitangetange huko aliko. Basi lilichimbwa kaburi, likazikwa koti la Silvesta la kanisani. Nililikunja mimi. Mama mkwe alinyolewa nywele, na niliyemshikia kichwa kisitikisike ni mimi.

Pia alikuwepo mtani wa ukoo, mama mmoja mnene tuliyemwita Mama Kiza. Mnajua kazi ya mtani msibani. Alivaa suruali ya marehemu, akazunguka uwanja mzima akirusha mguu kama Silvesta, akidai ugali wake uletwe upesi asije akachelewa ahera. Watu walicheka huku wanalia. Susana alikuwa mdogo sana, hakuwahi kumwona baba yake, lakini aliupenda mchezo ule. Kila Mama Kiza alipokuja kututembelea Mpanda, mtoto alimwomba atembee tena kama baba. Nami nilikaa pale nikitabasamu.

Nisiwafiche, ujane ulinikaa vizuri. Wanawake walinipisha kisimani. Katika misa tuliyomwombea marehemu, watu walinishika mkono mmoja mmoja. Ukoo ulipotaka nirithiwe na shemeji yangu, mama mkwe alikataa katakata. Aliwaambia, "Mwacheni mwanangu alee watoto wake. Huyu ameniuguza, huyu amelia na mimi. Nyie mlikuwa wapi?" Niliyasikia maneno hayo nikiwa nyuma ya mlango, na bado sikusema kitu.

Miaka ikapita. Likaanza kuja gari la sinema ya bure. Lilikuwa likisimama uwanjani karibu na mgodi, bwana mmoja akifunga shuka kubwa jeupe kwenye nguzo mbili, na mwenzake akieleza picha kwa kipaza sauti. Jua likizama tu, picha zinaanza. Watoto hukaa chini mbele, wakubwa husimama nyuma, na watundu huzunguka upande wa pili wa shuka ambako picha hugeuka, wawatazame watu wa kwenye picha wakiandika kwa mkono wa kushoto.

Kwa kuwa nilikuwa mjane mwenye heshima, akina mama wenzangu walinipa watoto wao niende nao. "Mama Agata, nichukulie na wangu." Nikawa naongozana na watoto wa mtaa mzima, wamebeba mkeka na karanga za kukaanga, nami nafuata nyuma na fimbo ya mtama kuwatishia wasisukumane. Nilikuwa naipenda safari ile. Mama mkwe hakuwa akija, alisema macho yake yamekuwa na ukungu na mwanga ule unamwumiza.

Jioni moja ilianza picha ya kunawa mikono, watoto wakachoka. Ikafuata picha ya mashamba ya mkonge. Yule bwana wa kipaza sauti akaeleza kwamba huko kazi ni nzuri, nyumba ni za bati, na watoto hupimwa uzito bure. Tukaona mistari ya mkonge. Tukaona wanaume wakitoka kazini. Mmoja wao akaja moja kwa moja mbele yetu, mkubwa kuliko nyumba, akirusha mguu pembeni.

Susana akacheka kwa sauti. Akasema, "Anatembea kama baba!"

Watoto wengine nao wakacheka, maana wote waliujua mchezo wa Mama Kiza. Lakini Agata hakucheka. Alisimama, akawaziba walio nyuma yake, wakamzomea akae. Hakukaa. Kwenye shuka yule mtu alikuwa amefika kwenye nyumba ya bati, mwanamke kijana akamkabidhi mtoto mchanga, naye akampakata huku anacheka. Agata aligeuka nyuma akanitafuta mpaka akaniona.

"Mama, ni baba," alisema.

Hakupaza sauti, lakini hakukuwa na mtu asiyesikia. Shemeji yangu alikuwa anafanya kazi mgodini, na alikuwepo pale pale nyuma yangu. Nilimsikia akilitaja jina la kaka yake polepole. Wakubwa waliomjua Silvesta wakaanza kusema ndiye, ndiye huyo. Mwanamke mmoja akasema labda picha ilipigwa kabla hajafa. Nami, Mungu anisamehe, nikalidaka neno hilo! Nikasema kwa nguvu kwamba ndiyo, picha ni ya zamani. Agata akaniuliza, mbele ya watoto wote niliopewa niwatunze, "Na yule mama mwenye mtoto?"

Nilimshika mkono Susana nikaondoka, nikawaacha watoto wa watu uwanjani. Hata hilo nililifanya.

Agata alinitangulia nyumbani akikimbia. Nilipofika, nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni anacheza. Anacheza, ndugu zangu! Mtoto amemwambia kwamba baba yu hai, basi mama anashukuru, anashika kuta, anataja jina la mwanawe. Alinikumbatia akaniambia tumshukuru Mungu, yule mgeni alitudanganya, mtu mbaya yule. Mpaka wakati huo hakunishuku kabisa. Ningeweza kumsukumia mgeni dhambi yangu, na ningeaminiwa.

Nadhani hilo ndilo lililonivunja. Nilikaa chini kwenye vumbi nikamweleza kila kitu, kwamba mgeni alisema kweli, mwongo ni mimi. Shemeji alikuwa amefika, akasikia yote.

Mama hakunipiga. Alijishika kichwa, kisha akaniuliza jambo moja tu. "Siku ile nanyolewa, wewe ndiye uliyenishika kichwa. Ulikuwa unawaza nini?"

Mpaka leo sijampa jibu, kwa sababu jibu ninalo na ni baya. Nilikuwa nikiwaza kwamba sasa hakuna atakayenicheka.

Kesho yake alikwenda Litapunga na jembe. Wazee walimwambia kuna taratibu za kumtoa mtu hai kaburini, asubiri, lakini hakusubiri. Alichimba mwenyewe mpaka akalifikia lile koti. Lilikuwa limeliwa na mchwa mgongo wote, imebaki kola na mkono mmoja. Akaja nalo Mpanda, akalifua, akalianika kwenye kamba yetu pale uani, na kila aliyepita barabarani alijua ni nini kile. Padre aliniita, akanisema. Mama Kiza hakuja tena kututembelea. Alituma neno kwamba mimi nimemfanya amtanie mtu hai kama maiti, na hajui atajitakasa vipi.

Ukoo ulitaka kunifukuza na kuwachukua watoto. Hapo tena mama mkwe akakataa. Nilidhani amenisamehe. Alisema tu kwamba watoto wasikose mama kwa kuwa wamekwisha kosa baba, na akaingia ndani.

Shemeji aliandika barua Tanga zaidi ya mara moja, lakini hapakuja jibu. Mama akawa na haja moja tu moyoni, amwone mwanawe kwenye ile picha kabla macho hayajafungika kabisa. Gari la sinema lilipokuja tena, nilimwongoza mpaka mbele, nikamketisha kwenye mkeka kati ya watoto. Ikaonyeshwa picha ya ng'ombe. Mara nyingine ikaonyeshwa picha ya ngoma na ya mashindano ya baiskeli. Nilimsihi yule bwana wa gari aturudishie picha ya mkonge, akaniambia iko wilaya nyingine, itakuja kwa zamu yake. Kila nilipomrudisha mama nyumbani nilimwona anapapasa ukuta zaidi kuliko mwezi uliopita. Aliyemwambia mwanawe amekufa wakati macho yake yangali mazima ni mimi. Angeujua ukweli mapema, angeweza kupanda treni akamfuata.

Picha ilirudi mwaka huu, mvua zilipokatika. Niliiona ile mistari ya mkonge. Nikapiga magoti kando ya mama nikamwambia, "Mama, ndiyo hii. Anakuja sasa hivi."

Aligeuza uso kwenye mwanga, lakini macho yalikuwa meupe, hayakushika chochote. Hata yule bwana wa kipaza sauti akapunguza maneno. Silvesta akaja akirusha mguu wake. Nikaanza kumweleza mama, nikasema, "Amevaa shati jeupe, mama, amenenepa, anacheka..."

Aliniwekea mkono mdomoni. Haukuwa mkono wa hasira. Akasema, "Wewe nyamaza. Agata aniambie."

Basi mtoto wangu akapiga magoti upande wa pili, akamwambia bibi yake yote aliyoyaona. Shati si jeupe, limechafuka utomvu wa mkonge. Hajanenepa. Anacheka, ndiyo. Ana mtoto mikononi, bibi, na mtoto anamvuta sikio. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, machozi yakimtoka, mpaka picha ikaisha.

Nililiona lile shati sawasawa na alivyoliona Agata. Kwa nini nilisema ni jeupe? Nilitaka mama afurahi. Hata pale, ndugu zangu, hata pale!

Mama yu hai na tunakaa nyumba moja. Hanitukani. Anapokea chakula changu na kunishukuru. Tatizo si hilo.

Wewe mwanamke mwenzangu unayesoma haya, na mwanamume pia, ukiachwa sema umeachwa. Watu watakucheka, najua, maana mimi nilikuwa bingwa wa kucheka. Watacheka, watachoka, kisha watarudi kuomba moto jikoni kwako kama kawaida. Usifanye nilivyofanya ili uponye jina lako. Mimi siku hizi hakuna anayenicheka hapa Nsemulwa. Nikisema jambo wananisikiliza kwa adabu mpaka nimalize, kisha wanakwenda kumwuliza mwanangu.