Upande wa Ukutani

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka la magodoro lilijaa hadi mlangoni. Watu walibonyeza, walikalia, walibishana bei, na watoto walirukaruka juu ya vitanda vya maonyesho huku mama zao wakijifanya hawawajui. Katikati ya vurugu hizo alisimama binti mmoja mwenye gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, hauzi wala hanunui. Alikuwa anatafuta la kuandika.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wateja wa duka barua pepe kila Jumatatu, kazi ambayo watu huidharau mpaka siku wapewe waifanye. Godoro ni godoro, utalisifu mara ngapi? Alikwisha kuandika kuhusu usingizi mnono, mgongo usiouma, ndoto njema, hata kunguni, na hiyo ya kunguni ilimletea karipio. Wateja hawakuwa wakizifungua tena. Meneja alimwambia kwa upole, upole ule wa kutisha, kwamba mawazo hayapatikani mezani. Ashuke dukani akasikilize watu.

Basi akashuka. Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, amelala chali kwenye ukingo kabisa wa godoro pana. Macho ameyafumba, viatu amevipanga chini kwa adabu. Soksi zake hazikufanana.

"Kaka, godoro lote hilo na wewe umelala pembeni. Unamwogopa nani?"

Mwanamume akafumbua jicho moja. "Namjaribia mama. Yeye hulala hivi."

"Na soksi nazo ni za mama?"

Alijitazama miguuni, akacheka mpaka godoro likatikisika. Alikuwa mwalimu wa udereva, alieleza, na mwanafunzi wake wa kwanza huanza kabla hakujapambazuka, kwa hiyo huvaa gizani. Godoro alilinunua. Kwenye risiti akaandikisha barua pepe ya mama yake, kwa sababu mama huyo hapendi risiti zake zikae kwa mtu mwingine. Namba yake ya simu, hiyo alimwachia binti, akidai kwamba mwenye jicho kali namna ile ni dhambi akikaa bila leseni.

Mapenzi ni kikohozi. Kisingizio kilikuwa masomo ya gari, lakini pale ofisini walijua kabla yake mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akitabasamu simu ikilia. Yeye alimwita Mwalimu, naye akaitwa Mwandishi. Jioni baada ya kazi walizunguka kwenye viwanja vitupu nyuma ya maghala, gari likiruka na kuzima, kuruka na kuzima.

"Mpenzi, hiyo ni klachi, si kunguni. Usiiue."

"Ukinicheka nashuka."

"Ukishuka, weka indiketa."

Jioni moja mvua iliwafungia ndani ya gari, kioo kimejaa ukungu, na Mwalimu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Godoro jipya lilikwisha kutandikwa kwa mama, lakini mama bado analala ukingoni kama zamani. Upande wa ukutani, uliokuwa wa marehemu baba, hauguswi, na mto uko pale pale. "Nadhani bado anamwachia nafasi," alisema, akafuta macho kwa mkono wa shati. Mwandishi akamshika mkono, akalia pamoja naye.

Machozi yale yalikuwa ya kweli, nisimsingizie. Lakini mtu anayetafuta maneno kila wiki ana tabia moja mbaya: hata akilia, sikio moja linabaki kazini.

Jumapili alikaa mezani, na barua ikaja yenyewe bila kusukumwa. Kichwa chake kilisema, Bado anamwachia upande wake. Chini yake aliandika: "Mpendwa mteja, yuko mama mmoja anayelala ukingoni mwa kitanda kipana. Upande wa ukutani hauna mtu, lakini mto upo. Kitanda si mbao na sponji tu. Ni mahali tunapowawekea nafasi tuwapendao." Yalifuata magodoro matatu na bei zake. Alijiambia kwamba hakutaja jina wala mtaa, nani atajua? Akabonyeza kitufe cha kutuma.

Jumatatu mchana barua hiyo ilikuwa imefunguliwa na watu wengi kuliko zote alizopata kuandika. Wajane waliijibu wakasimulia ya kwao. Wauzaji dukani walikosa muda hata wa kunywa maji, na meneja akanunua keki ya ofisi nzima. Mwandishi alikuwa na kipande mkononi, anataka kumpigia Mwalimu ampe habari njema, simu ikaita. Ni yeye.

"Umemwandika mama yangu."

"Sikutaja jina, mpenzi."

"Imemfikia. Nimekuta simu yake mezani, imefunguka hapo hapo, na yeye yuko jikoni kimya. Mama yangu hanyamazi jikoni."

"Mimi nilidhani..."

"Nilikuambia wewe," alisema Mwalimu, bila kupandisha sauti. "Sikuliambia duka."

Akakata. Tangu hapo jumbe zilisomwa na hazikujibiwa, na masomo ya gari alikabidhiwa mwalimu mwingine, mzee mmoja aliyenuka sigara na asiyetania hata kidogo. Mtenda husahau, wanasema, lakini huyu mtenda hakusahau wala hakula vizuri. Aliiona tamaa yake wazi: alikuwa amepewa kitu cha kutunza, akakipeleka sokoni.

Meneja alitaka barua ya pili. Amrudishe yule mama, alisema, na kama ana picha, itakuwa bora zaidi. Mwandishi alikataa. Alimwambia hadithi ile haikuwa yake tangu mwanzo, na Jumatatu iliyofuata akaandika kuhusu namna ya kuanika godoro roshani. Walioifungua walikuwa wachache, meneja akanuna, na yeye hakujali. Kazi ingepatikana nyingine. Mwalimu mwingine, huyo hakumhitaji.

Alipochoka kulilia simu, alikwenda mahali alipopaswa kuanzia. Alivaa gauni la bluu lisilo na pambo, hakupaka hata rangi ya mdomo, akapanda ngazi za nyumba ambayo mara nyingi yeye na Mwalimu walisimamisha gari mlangoni pake bila yeye kuingia. Mama alikuwa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, sare za shule zimerundikana kila kiti.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeandika ile barua ya godoro."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja. Sogeza hizo sketi ukae."

Hakukaa. Alisema alilokuja kusema akiwa amesimama, asije akapata raha kabla hajamaliza. "Nimekuja kuomba radhi. Nilichukua jambo la chumbani kwako nikauzia magodoro, na sikukuuliza."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. Alisema ameisoma mara ya kwanza akalia. Mara ya pili alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

"Kwanza ni uongo," alisema.

"Uongo, mama?"

"Simwachii mtu nafasi. Marehemu alikuwa akikoroma, halafu anarusha mateke usingizini kama yuko fainali. Tangu nilipoolewa nalala ukingoni ili nipate njia ya kukimbilia sebuleni. Sasa mwili umezoea, nikihamia katikati usingizi haunipati. Na ule mto ni wangu. Naegemezea goti linaloniuma."

Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Mwandishi aliuma mdomo, hajui kama anaruhusiwa kucheka, mpaka mama alipoanza yeye, nao wakacheka pamoja kwa muda mrefu. Kisha mama akatulia, mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Simaanishi kwamba simkumbuki. Namkumbuka nikishika kopo lenye mfuniko uliokaza. Hufungua mdomo nimwite, ndipo najua hayupo. Hilo sijamwambia mtu. Ungeniuliza ningekuambia, na ningekuambia pia kwamba haliuzwi."

"Sitaliandika, mama."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuambia."

Akachukua simu, akampigia mwanawe na kuifungulia sauti. Alimwuliza yuko wapi, akajibiwa yuko kazini. Akamwambia aje, Mwandishi wake yuko hapa.

"Mama, yule alikuaibisha."

"Nani aliyetoa maneno ya chumbani kwangu nje ya nyumba hii? Huyu kayakuta kwako. Siku ile nilinyamaza jikoni nikikupa nafasi uungame. Mpaka leo nangoja."

Kilisikika kikohozi, kisha sauti ndogo isiyofanana na ya mtu mrefu. "Nakuja."

Alifika jasho likimtoka, shati limekunjamana. Alimwomba mama yake radhi kwanza, akapigwa kofi jepesi la shavu, ndiyo msamaha wenyewe. Kisha akamgeukia binti na kukiri kwamba alimtwisha peke yake kosa la watu wawili. Binti alijibu kwamba fungu lake lilikuwa kubwa zaidi, na hataki lipunguzwe. Mama akawafukuza wote wawili, akisema ana sare za kumaliza, na watu wanaotazamana namna hiyo humpotezea mishono.

Chini, Mwalimu alimpa ufunguo wa gari. Waliendesha mitaa kadhaa, Mwandishi ameshika usukani kwa mikono miwili, amenyooka kama anayepigwa picha.

"Punguza mwendo," alisema Mwalimu.

"Kuna kona?"

"Hakuna. Nataka kukuoa. Usinitazame mimi, tazama barabara."

Gari likazima katikati ya njia. Nyuma yao honi zilianza, moja, kisha zote.

"Umesema nini?"

"Washa gari kwanza."

"Sema kwanza."

Akasema tena, kwa nguvu ili azishinde honi, na safari hii sauti ya ualimu ilikuwa imemtoka kabisa. Nampenda huyu kijana kwa ajili ya mara ile ya pili, maana midomo ilikuwa ikimtetemeka waziwazi na hakuificha.

"Nakubali," alisema Mwandishi. Furaha ilimjaa mpaka akashindwa kuona vizuri. Mwalimu alipopeleka mkono mfukoni kutoa simu, akaudaka. "Ngoja. Naomba ruhusa."

"Ya kuandika?"

"Ya kumwambia mama mimi mwenyewe, kabla hajayasikia kwingine."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mwandishi akawasha gari, akaweka indiketa, akageuza kurudi walikotoka. Tairi la nyuma likapanda ukingo wa barabara na kushuka kwa kishindo, na mwalimu wa udereva hakumkosoa.