Turubai Katika Bwawa la Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi, yule binti waliyembandika jina la Kiherehere alimsaidia baba yake kusafisha karakana. Jina lenyewe alilipata kwa haki. Hata akiwa anakula, mguu mmoja ulikuwa tayari mlangoni.

Baba alikuwa fundi boti. Boti ikipandishwa nchi kavu, alivaa barakoa na glavu, akakwangua rangi kuukuu ya chini, na vipande vyekundu vikaangukia kwenye turubai. Kazi ikiisha, alilikung'uta turubai hilo mwenyewe ndani ya pipa lenye kifuniko, na kila mwezi gari la taka za sumu lilikuja kulichukua pipa. Kiherehere hakuwahi kuuliza sababu. Alidhani baba anapenda usafi tu.

Jumamosi moja mteja alimwita baba kabla hajaligusa turubai. Baba akamwambia bintiye aliache hapo hapo mpaka arudi, tena asithubutu kwenda mazoezi ya netiboli karakana ikiwa chafu. Saa nne, saa ya mazoezi, ikakaribia, baba haonekani, na miguu ya Kiherehere ikaanza kumwasha. Akalikung'uta turubai pipani harakaharaka. Bado lilikuwa na madoa. Basi akalikokota hadi kwenye maji safi yaliyokuwa karibu, yaani bwawa la mawe la shangazi yake.

Shangazi alikuwa mfugaji wa chaza. Katika bwawa hilo dogo alilea chaza wachanga, ambao wafugaji huwaita mbegu, wadogo kama kucha, kabla ya kuwahamishia baharini. Kiherehere alilisuuza turubai pembeni mwa bwawa. Maji yakawa mekundu, kisha uchafu ukazama, yakawa maangavu tena. Akalianika turubai, akatimua mbio.

Jumatatu jioni shangazi aliingia sebuleni na bakuli la chaza kutoka bwawani. Akagonga ganda la mmoja kwa ukucha. Chaza mzima ukimgonga hujifunga papo hapo. Huyu alibaki wazi. Akamgonga wa pili, na wa tatu, wapi.

"Yule mama aliyeniuzia mbegu kanitapeli," alisema. "Kaniuzia wagonjwa."

Akaapa kwamba kesho asubuhi angewamwaga bwawani wale wengine aliokuwa bado amewaweka kwenye beseni nyumbani, labda wangepona kwenye maji mengi, kisha angezunguka kwa wafugaji wote awaambie wasinunue tena kwa mwanamke yule. Kiherehere alikuwa hapo hapo, akisikia yote. Maji mekundu yalimrudia machoni. Akajitia hamnazo, akaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa zamu yake, tena akaviosha mara mbili.

Asubuhi alivaa sare ya shule, akafika getini, akarudi. Akafika tena, akarudi tena. Mara ya tatu akamwona shangazi anakwenda bwawani na beseni kiunoni. Akajikaza kisabuni, akamkimbilia.

"Shangazi, usiwamwage humo. Jumamosi nilisuuza turubai la baba kwenye bwawa lako."

Shangazi alisimama. Alilitua beseni chini polepole.

"Kwa hiyo jana, wakati namtukana mama wa watu, wewe ulikuwa unaosha vikombe?"

Kiherehere alitamani ardhi ipasuke. Baba akaitwa. Alivaa glavu, akachota tope la chini ya bwawa, na ndani yake kulikuwa na chembe nyekundu tele. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alimuuliza tu kama anajua kazi ya ile rangi. Kiherehere akajibu kwamba ni kupendezesha boti.

"Hapana, mwanangu. Ina shaba na sumu nyingine, ili viumbe wa baharini wasijigandishe chini ya boti na kuifanya iwe nzito. Sasa, rangi haijui huyu ni msumbufu na huyu ni chaza wa shangazi yako. Ikibanduka kwenye boti haiachi kazi yake."

Kisha akamgeukia dada yake, akamwomba radhi. Alikiri kwamba alimkataza mtoto kugusa, ila sababu hakuwahi kumwambia.

Baba alilitoa tope lote la bwawa, akalitia pipani. Shangazi alimpigia simu muuza mbegu kumweleza, ingawa alikuwa bado hajamchafulia jina. Kiherehere alipewa beseni. Kwa wiki nzima, asubuhi na jioni, ilimbidi awabadilishie chaza maji safi ya bahari, awagonge mmoja mmoja, na asiondoke mpaka amalize.

Jumamosi iliyofuata asubuhi shangazi alikuja kuchuchumaa karibu naye.

"Jumamosi ile ulifanya haraka, na hilo naweza kukusamehe," alisema. "Lakini Jumatatu uliponyamaza, yule muuza mbegu alikuwa anahukumiwa bure, na hawa walikuwa wanangoja kutiwa sumu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na kitu usichokijua, uliza kabla hujakiosha kwenye maji ya wenzako."

Kiherehere akaitika. Akamgonga chaza aliyefuata, naye akajifunga. Akamgonga mwingine, akajifunga pia. Mazoezi ya netiboli yalikuwa yameanza zamani, lakini beseni lilikuwa bado na chaza wengi, naye akaendelea kuwagonga.