Chaki Kwenye Vigae

Fundi alishona nguo za watu kwa miaka arobaini. Pindo alilikunja hata akiwa amefumba macho. Mambo mawili tu yalimshinda: kula peke yake na kusafisha bafu. La kwanza alikuwa anajilazimisha kujifunza. La pili alikuwa hajalianza.

Mkewe alifariki miezi minane iliyopita. Tangu hapo, nyumba ilibaki na sauti mbili, ya cherehani na ya saa ya ukutani. Kila asubuhi Fundi alichemsha chai ya watu wawili. Akishaimimina ndipo anakumbuka. Basi anakunywa vikombe vyote viwili.

"Nisije nikaimwaga bure," alijiambia. Hakuna aliyembishia. Zamani angebishiwa.

Bafu lao lilikuwa na vigae vyeupe, mkewe alivichagua mwenyewe. Kati ya kigae na kigae kuna mstari wa saruji nyeupe. Wanaojenga huuita grauti. Enzi za mkewe mistari hiyo ilikuwa myeupe kama meno ya mtoto. Sasa ilikuwa myeusi, na sakafu ilikuwa na utelezi.

Juu ukutani kulikuwa na dirisha dogo lililotazama uani kwa jirani. Mkewe alikuwa akifua huku akipiga soga na jirani kupitia dirisha hilo. Hawaonani, wanasikizana tu. Walicheka mpaka sabuni ikauka. Siku ya tatu baada ya maziko, Fundi alilifunga dirisha na kulitia komeo. Hakutaka kusikia sauti moja ikiisubiri nyingine.

Kwenye kona alibakiza beseni la bluu la mkewe, na dodoki lake ndani. Hakuligusa. Alioga akilizunguka, kama mtu anayempisha mgeni aliyelala.

Mwezi uliopita binti yake alikuja kumsalimu. Binti huyu anafundisha watu kuendesha magari, kwa hiyo amezoea kuongea polepole hata roho ikiwa juu. Aliingia kuoga, akateleza, akaponea kwenye bomba.

"Baba," alisema alipotoka, "ingekuwa ni wewe je?"

"Ningeshika bomba."

"Na ukilikosa?"

Fundi alijifanya anatafuta uzi.

"Ungelala humo chini siku ngapi kabla mtu hajajua?"

Uzi haukuonekana.

Jumanne binti alipiga simu. "Jumamosi nakuja, Baba. Bafu likiwa vilevile, nakufungia nguo zako, tunaondoka wote."

"Na cherehani?"

"Nakaa ghorofa ya nne. Nafasi iliyopo ni ya kitanda."

Simu ilikatika. Fundi aliitazama cherehani yake, nayo ikamtazama. Mkewe alikuwa akikaa upande wa pili wa meza ile, akishona vifungo. Ghorofa ya nne hakuna upande wa pili wa meza ile.

Jumatano alisugua mistari kwa sabuni ya kufulia. Weusi haukutoka. Akasugua tena, mgongo ukamwambia basi. Sasa Fundi alikuwa na ugonjwa wa kazi yake: kitu kikimshinda kukitoa, hukifunika. Alhamisi mchana, ukuta ulipokauka, aliingia bafuni na rula na chaki zake za kuchoria nguo. Akachora mstari mmoja mmoja juu ya weusi ule. Alichora kwa saa tatu, kwa unyoofu wa kupigiwa mfano. Mwisho akarudi nyuma akatazama. Bafu lilimeta. Fundi akatabasamu, na uso wake ukashangaa kidogo, maana ulikuwa umeshasahau.

Hapo hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa jirani. Watu walimwita Bi Ndoo, kwa sababu alifanya usafi hospitalini miaka ishirini na sita na ndoo yake aliipenda kuliko mkoba. Tangu dirisha lile lifungwe, hakuwahi kukanyaga pale. Leo alikuwa na gauni begani.

"Shemeji, zipu imekufa," alisema. "Au mimi nimenenepa. Wewe sema ni zipu."

"Ni zipu."

"Ndiyo maana marehemu alikupenda. Ngoja kwanza ninawe. Nimetia mafuta bawaba za mlango, nitalichafua gauni."

"Nawa jikoni," Fundi alisema haraka.

"Jikoni kwako nimepaona nilipopita dirishani. Vyombo vimekaa foleni." Naye huyo, akaingia bafuni.

Alifungua bomba. Maji yakarukia ukutani. Fundi alisimama mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu. Kutoka kwenye mstari wa kwanza yakateremka maziwa. Wa pili ukafuata. Nyuma yake weusi ukachungulia, mmoja baada ya mwingine.

Bi Ndoo alitia kidole, akakinusa.

"Shemeji. Umeupaka ukuta chaki?"

"Kidogo."

"Na poda hukuupaka?"

Fundi alitaka kucheka. Badala yake akakaa kwenye kizingiti, akamweleza habari ya Jumamosi. Alieleza yote, hata vile vikombe viwili vya chai, akaishia kwenye cherehani. Bi Ndoo hakumpa pole. Aliliangalia dirisha.

"Nani alilifunga?"

"Mimi."

"Nilidhani umenikasirikia," alisema. "Miezi minane nafua kimyakimya. Juzi nimeongea na shati."

Maji yalidondoka.

"Sikukukasirikia," Fundi alisema. "Niliogopa utaita, halafu yeye hataitika."

Bi Ndoo aliitikia kwa kichwa. Kisha akakunja mikono ya nguo. "Haya. Unaoga, mvuke unabaki humu, hauna pa kutokea. Ule weusi ni ukungu. Ukungu unapenda unyevu na hewa iliyolala. Wewe umeujengea nyumba, ukaupa na ufunguo. Toa komeo."

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Fundi alilipiga kwa mkono, likaachia. Hewa ikaingia na harufu ya nguo zilizoanikwa.

"Una soda ya kuokea keki?"

"Ipo ya marehemu."

"Lete. Na mswaki wa zamani. Brashi ya waya usiniletee, inakwaruza."

Alitia vijiko vitatu vya soda kwenye kikombe, na kijiko kimoja cha maji. Akakoroga mpaka ikawa nzito kama dawa ya meno.

"Anzia pembeni, ujaribu kwanza. Paka juu ya mstari. Subiri dakika kumi na tano. Halafu sugua kwa mswaki kufuata mstari, kama unavyofuata mshono. Kipande kidogo kidogo, usivamie ukuta mzima. Kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe kwa kitambaa."

Fundi alipaka, akasubiri, akasugua. Mshono aliuelewa. Povu lilitoka jeusi, na chini yake mstari ukaonekana, si kwa weupe wa chaki, ila kwa weupe wake mwenyewe.

"Na siki je?" aliuliza. "Nilisikia siki inasafisha."

"Siki ni kali, ukiizoesha inakula saruji. Mistari yako ni mizee kama wewe, ihurumie. Palipogoma tutatumia dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Vaa glovu. Acha dirisha na mlango wazi. Changanya na maji mengi, kama chupa ilivyoandikwa. Dakika kumi, kisha suuza sana. Lakini nisikilize, Shemeji." Hapa Bi Ndoo aliacha mzaha. "Klorini usiichanganye na kitu kingine zaidi ya maji. Si siki, si dawa ya choo, si chochote. Inatoa hewa ya sumu inayokaba kifua. Hospitalini nimemwona mtu mzima akibebwa kwa kosa hilo."

Wakafika kwenye kona. Bi Ndoo alilitazama beseni la bluu, akamtazama Fundi.

"Hili liache," Fundi alisema.

"Linyanyue wewe mwenyewe. Mimi siligusi."

Fundi aliinama. Kisha akalinyanyua. Chini yake palikuwa pabaya kuliko kote, peusi na pa utelezi. Na dodoki nalo lilikuwa limeoza. Mahali alipopatunza kuliko pengine ndipo palipoharibika zaidi.

"Angepaona hivi," Bi Ndoo alisema taratibu, "angekucharaza na hilohilo dodoki."

Fundi akacheka. Akicheka, machozi yakatoka, akayapangusa kwa kiwiko maana viganja vilikuwa na soda. Dodoki akalitupa. Beseni akaliosha, akalitundika kwenye msumari likauke.

Ijumaa kutwa alisugua. Utelezi wote sakafuni ukaisha. Zipu ya gauni aliibadilisha jioni.

Jumamosi binti aliingia, akaenda moja kwa moja bafuni. Alitazama ukuta kwa jicho la mashaka. Alipokuwa shule, baba yake alimpakia chaki kwenye raba zake nyeupe kila Jumatatu, na kila mvua ilimwaibisha mbele ya darasa. Akachota maji kwa kopo, akamwagia ukuta.

Maji yalishuka maangavu, yakaonyesha sakafu. Akasugua sakafu kwa kisigino. Haikuteleza.

"Mara hii si chaki," alisema.

"Si chaki."

"Bafu safi, Baba. Lakini nilichokuuliza bado nakiuliza. Ukianguka, nani atajua?"

Kabla Fundi hajajibu, sauti ikaingia dirishani.

"Shemeji. Saa tatu hii, mbona sijakusikia ukioga? Umekufa au unakunywa chai ya pili?"

Binti alitazama juu dirishani, akamtazama baba yake.

"Nakunywa ya pili," Fundi akaitikia.

"Basi kausha ukuta ukishaoga. Na dirisha usifunge."

Binti alikaa mpaka jioni, akaondoka na begi lake peke yake.

Asubuhi iliyofuata nyumba ilikuwa kimya vilevile. Fundi alichemsha chai ya watu wawili, akavitazama vikombe. Kisha akachukua kimoja, akapanda juu ya kigoda, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha la bafuni, upande wa nje.

Alisubiri. Baada ya muda mkono ukapanda, ukakichukua.

"Sukari haitoshi," sauti ikasema.