Siri Iliyomshinda Waruguru

Kila asubuhi Waruguru na Soipan walikutana kwenye geti la shule yao mjini Kitengela, sweta zikiwa zimefungwa kiunoni. Waruguru ndiye aliyeongea. Mdomo wake haukuwa na breki. Ukitaka habari ifike Kajiado kabla ya basi, mwambie yeye.

Muhula huu Soipan alianza kuvaa sweta hata jua la saa saba likiwaka. Siku moja wakinawa mferejini, mkono wa sweta ulipanda, na Waruguru akaona alama za majeraha.

"Najiumiza nikilemewa na mawazo," Soipan alisema polepole. "Usiambie mtu."

Waruguru akaapa, na kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza. Kwa kuwa kikundi chao cha ngoma kingecheza Kajiado Jumamosi, alimshonea rafiki yake bangili pana ya shanga ya kufunika alama hizo. Soipan aliivaa, lakini hakufurahi. Kesho yake Waruguru alishindwa kumaliza githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, naye si mtu wa kubakisha githeri. Aliogopa kumpoteza rafiki, ila aliogopa zaidi kwamba Soipan angeendelea kuumia peke yake. Akaenda kwa Madam Naliaka, mwalimu wa ushauri, akamweleza yote.

Madam hakugomba. Alizungumza na Soipan, kisha na mama yake, wakampeleka kwa mshauri wa hospitali. Kwa siku mbili Soipan hakumsemesha Waruguru. Siku ya tatu alimsogelea.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Lakini mama hakunipiga. Alinikumbatia, akaniuliza ni nini kinaniuma. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza."

Jumamosi waliruka na kuimba mpaka vumbi la Kajiado likapanda. Soipan alivaa bangili ile kwa sababu tu ilimpendeza. Walipokuwa wakinywa soda, Madam, aliyekuwa ameandamana na kikundi, aliwaketisha wawili hao kando.

"Anayejiumiza si mtu mbaya, wala hafanyi hivyo ili atazamwe. Ana uchungu ambao hajui aueleze vipi," alisema. "Msimcheke wala kumfokea. Msikilizeni, kisha mwambieni mtu mzima mnayemwamini. Siri inayomuumiza mwenzako usiibebe peke yako. Kupona kutachukua muda, Soipan, na tuko pamoja nawe."

"Kwa hivyo mdomo wangu umesaidia?" Waruguru aliuliza.

"Mara hii," Madam akajibu, na Soipan akacheka mpaka soda ikamwagika.

Jumatatu walikutana getini kama kawaida. Sweta ya Soipan ilikuwa imefungwa kiunoni.